Nani amesimama mbele ya mtutu?

Husemwa kwamba Tsar Nikolai II wa Urusi aliangushwa na njaa. Wanawake wa Petrograd walipanga foleni ya mkate, mkate ukaisha, wakaingia barabarani, na siku ya nane ukoo wa Romanov, uliotawala miaka 304, ukawa umeng'oka. Simulizi hiyo ni tamu, na hakuna kipande chake cha uongo. Ila ukiiweka kwenye mizani, haikai. Miaka 25 kabla ya hapo, 1891 na 1892, njaa na kipindupindu viliua watu laki kadhaa katika majimbo ya mto Volga, na baba yake Nikolai, Alexander III, hakutikisika. Yeye aliondolewa na maradhi ya figo. Petrograd ya Februari 1917 haikuwa na maiti wa njaa mitaani. Unga ulikuwepo, ingawa kwa kubanana.

Watu wa Urusi walikuwa na hasira tangu enzi za babu zao. Lakini hasira peke yake ingekuwa inaangusha dola, ni ngapi zingekuwa zimesimama leo? Kwa maoni yangu, swali la kuuliza kuhusu mapinduzi yale ni moja: aliyeshika bunduki alimwona nani mbele yake? Dola ya Urusi iliishi kwa umbali uliokuwepo kati ya askari na mtu aliyeamriwa kumpiga risasi. Ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, ikaufuta umbali huo kwa mikono yake yenyewe.

Tuanze na 1905. Tarehe nitakazotaja ni za kalenda ya Urusi ya wakati ule, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 13. Jumapili ya Januari 9, kasisi Georgy Gapon aliwaongoza wafanyakazi wa Petersburg (mji huohuo ulioitwa Petrograd kuanzia 1914) na familia zao kuelekea Kasri la Majira ya Baridi. Chanzo kilikuwa kidogo: wafanyakazi wanne wa kiwanda cha Putilov waliofukuzwa kazi. Kufikia siku ile barua yao ilikuwa imeshajaa mengine, kazi ya saa nane kwa siku, mshahara wa kumtosha mtu, haki ya kugoma, bunge la kuchaguliwa. Walibeba picha za watakatifu na picha za Tsar, wakiimba nyimbo za kanisani. Hawakwenda kumpindua mtu, walikwenda kumlilia baba. Baba mwenyewe hakuwepo, alikuwa Tsarskoe Selo, nje ya mji. Dua la kuku halimpati mwewe. Askari walifyatua, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu wapatao 130 walikufa.

Mwaka ule ulikuwa na karibu kila kitu ambacho 1917 ilikuja kuwa nacho, pengine na zaidi. Vita na Japani vilikwenda mrama: ngome ya Port Arthur ilikuwa imeshasalimu amri, na Mei manowari za Urusi zikazamishwa Tsushima. Juni mabaharia wa manowari Potemkin waliasi walipoletewa nyama yenye funza. Vijijini wakulima walichoma majumba ya mabwana ardhi. Oktoba mgomo ulisimamisha reli karibu nchi nzima, mpaka Nikolai akalazimika kutoa tamko la kuahidi bunge na uhuru wa raia. Desemba wafanyakazi wa Moscow waliziba barabara kwa magogo na tramu zilizopinduliwa, wakashika silaha.

Na bado Tsar alibaki. Kikosi cha Semyonovsky kilipakiwa kwenye treni Petersburg, kikashushwa Moscow, na mtaa wa wafanyakazi wa Presnya ukapigwa mizinga mpaka ukanyamaza. Wanajeshi wale, wengi wao watoto wa wakulima, hawakuwa na shangazi Presnya. Mtu wa kiwandani mwenye bendera nyekundu alikuwa kwao kiumbe wa dunia nyingine.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba jeshi la 1905 lilikuwa tiifu muda wote. Baada ya tamko la Oktoba vikosi vingi viliasi, vikidai chakula kizuri, posho, na maofisa waache kuwatukana. Lakini hayo yalikuwa maasi ya kambini. Askari aliyegomea supu mwezi Novemba ndiye huyohuyo aliyepelekwa kuwapiga wanakijiji mwaka uliofuata, akaenda. Amani na Japani ilikuwa imeshatiwa saini, na kila askari alijua kwamba muda wake ukiisha atarudi kwao akiwa hai. Mtu mwenye tarehe ya kurudi nyumbani huvumilia mengi, na hutii mengi.

Aprili 1912, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lena huko Siberia, mgomo uliochochewa na nyama mbovu uliishia kwa wachimbaji kupigwa risasi kwa mamia. Waziri wa mambo ya ndani, Makarov, alilieleza bunge kwamba ndivyo ilivyokuwa na ndivyo itakavyokuwa. Hakukosea sana. Iliendelea kuwa hivyo kwa miaka mitano kasoro.

Kabla ya kufika Petrograd, yatupasa kupita Turkestan, kituo ambacho wasimulizi wengi wa mapinduzi haya hukiruka. Asia ya Kati, ambayo leo ni Uzbekistan, Kirgizia, Kazakhstan na majirani zao, ilitekwa na Urusi karne ya 19. Waislamu wa huko walikuwa hawachukuliwi jeshini. Dola iliwatoza kodi lakini haikuwaamini na bunduki. Juni 25, 1916, vita vikiwa vimeshameza mamilioni, Nikolai alitoa amri ya kuwachukua wanaume wa miaka 19 hadi 43 kwa kazi za sulubu nyuma ya mstari wa mapigano, wachimbe mahandaki na kutengeneza njia. Amri ilitua katikati ya Ramadhani, pamba ikiwa shambani. Orodha za majina ziliandikwa na wakubwa wa vijiji waliowekwa na serikali, na mwenye fedha aliweza kulitoa jina la mwanawe likaingia la mtoto wa maskini.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Wakati huohuo, katika vita hivyohivyo, Waingereza walikuwa wakiwakusanya wapagazi wa Afrika Mashariki kubeba shehena za jeshi dhidi ya Wajerumani. Jina la Kiingereza la kikosi kile cha wapagazi ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo kwa Dar es Salaam na Kariokor kwa Nairobi, na leo tunalitamka tukienda kununua nguo na vitunguu. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na kuhara na malaria kuliko risasi. Dola mbili zilizokuwa upande mmoja wa vita zilifikia wazo moja: mtu wa koloni anaweza kufia vita visivyo vyake bila hata kukabidhiwa bunduki.

Julai 4 umati ulikusanyika Khujand kupinga orodha, ukapigwa risasi. Uasi ukaenea. Jizzakh watu waliua maofisa na kung'oa reli, na jeshi la adhabu likauteketeza mji. Kufikia Agosti moto ulikuwa umefika Semirechye, ambako Wakirgizi walikuwa wamenyang'anywa malisho wakapewa walowezi wa Kirusi. Huko damu ilimwagika pande zote. Waasi waliwaua walowezi, wanawake na watoto wakiwemo. Kisasi cha jeshi na cha walowezi kikawa kikubwa mara nyingi zaidi. Wakirgizi walikimbia na mifugo yao kuvuka milima ya Tian Shan waingie China, na wengi wakafia kwenye theluji ya mapito. Mpaka leo wajukuu zao wanayaita masaibu yale Urkun, makimbio.

Aliyepewa kazi ya kuzima uasi ule alikuwa Jenerali Aleksei Kuropatkin, yuleyule aliyeshindwa na Wajapani huko Manchuria mwaka 1905. Jeshi lilimshinda, raia akawamudu. Mbunge mmoja kijana, Alexander Kerensky, aliyekulia Tashkent, alikwenda kuchunguza, akarudi kulieleza bunge uovu wa amri ile na wa walioitekeleza. Miezi michache baadaye mbunge huyo angekuwa waziri.

Huko Turkestan, askari alifyatua bila kusitasita. Aliyekuwa mbele yake alikuwa na dini nyingine, lugha nyingine, sura nyingine. Nadhani hapo ndipo watawala walipojifunza somo baya kupita yote, kwamba risasi bado inafanya kazi. Hawakujiuliza inafanya kazi kwa nani.

Sasa tuwatazame waliokuwa kwenye kambi za Petrograd. Majina ya vikosi yalikuwa yaleyale ya kutisha: Preobrazhensky, Semyonovsky, Pavlovsky, Volynsky. Waliofanya majina hayo yaogopwe walikuwa wameshakufa. Vikosi vya walinzi wa Tsar viliteketea kwa wingi kiangazi cha 1916 kwenye vinamasi vya mto Stokhod, karibu na Kovel. Waliojazana mjini, zaidi ya 150,000, walikuwa askari wa akiba: vijana waliochukuliwa juzi, akina baba waliopita miaka 40, na majeruhi waliopona wakingoja kurudishwa kule walikojeruhiwa. Walilala kwenye vitanda vya ngazi, kimoja juu ya kingine, katika kambi zilizokuwa katikati ya mji. Wakitoka lango la kambi, cha kwanza kuonekana ni foleni.

Warusi waliiita foleni ile mkia. Wake wa askari walikuwa wakipata posho ya serikali, na posho ikaliwa na bei. Ajabu ni kwamba nafaka nchini ilikuwepo. Urusi ilikuwa moja ya nchi zilizouza ngano nyingi kabisa duniani, na vita vilipofunga mlango wa bahari wa Dardanelles, njia ya meli kutoka Bahari Nyeusi, ngano hiyo ikabaki ndani. Lakini mkulima hakuona sababu ya kuuza, kwa kuwa viwanda vilitengeneza makombora badala ya majembe na vitambaa, na noti alizopewa zilipungua thamani kila mwezi. (Serikali yenyewe ilikuwa imepiga marufuku vodka mwaka 1914, ikajinyima chanzo kikubwa cha mapato, kisha ikaziba pengo kwa kuchapa noti. Sijui waziri wa fedha alilalaje usiku.) Kilichouzwa kilingoja mabehewa, mabehewa yalibeba jeshi, na majira ya baridi ya 1917 yakapasua mabomba ya injini kwa barafu.

Polisi wa siri waliliona hilo mapema kuliko wanasiasa. Taarifa yao ya Januari 1917 ilionya kwamba akina mama waliochoshwa na kusimama kwenye mikia, wenye watoto wagonjwa na wenye njaa nyumbani, huenda wako karibu na mapinduzi kuliko mwanasiasa wa upinzani Milyukov na wenzake bungeni, tena ni wa hatari zaidi. Na mwaka uliotangulia, Oktoba, askari wa kikosi cha akiba cha 181 walikuwa wameshawasaidia wagomaji wa mtaa wa Vyborg kupambana na polisi. Baadhi yao walikamatwa, na jambo likahesabiwa limekwisha.

Wanamapinduzi wenyewe hawakuwa na macho makali kuliko hao. Januari hiyohiyo Lenin alikuwa Zurich akiwahutubia vijana, akawaambia kwamba huenda wazee kama yeye wasiishi kuiona vita ya mwisho ya mapinduzi yajayo. Alikuwa na miaka 46.

Februari 23, siku ya wanawake duniani, hali ya hewa ililegea baada ya wiki za baridi kali. Kulikuwa na uvumi wa mkate kugawiwa kwa kadi, na lisemwalo lipo, kama halipo laja; watu walikuwa wamekimbilia kununua kila kilichopatikana. Wanawake wa viwanda vya nguo mtaani Vyborg waliacha mashine, wakaenda kwenye viwanda vya chuma kuwaita wanaume, wakirusha matonge ya theluji kwenye madirisha. Mbolsheviki mmoja wa mtaa ule, yaani mwanachama wa chama cha Lenin, Vasily Kayurov, alikiri baadaye kwamba alikasirika, kwa kuwa usiku uliotangulia alikuwa amewasihi watulie. Kesho yake wagomaji walifika kama 200,000. Polisi walifunga madaraja, watu wakavuka mto Neva kwa miguu juu ya barafu.

Wakosaki, wapanda farasi ambao tangu zamani walikuwa mjeledi wa Tsar, walitumwa kuwatawanya. Walipita katikati ya umati mmoja mmoja, taratibu, wakaacha watu wapenye chini ya matumbo ya farasi. Wanawake waliwasogelea askari wa miguu, wakashika bunduki zao, wakawaambia waume zao pia wako vitani. Hapo umbali ule ninaouzungumzia ulikuwa umebaki urefu wa bunduki.

Malkia Alexandra hakuona hivyo. Katika barua ya Februari 25 alimwandikia mumewe kwamba hizo ni fujo za wahuni, vijana wanaokimbia wakipiga kelele kwamba hakuna mkate, na kwamba baridi ingekuwa kali wangekaa majumbani. Nikolai, akiwa makao makuu ya jeshi huko Mogilev, alimpelekea Jenerali Khabalov, mkuu wa jeshi Petrograd, simu ya maandishi: fujo za mji mkuu zikomeshwe kesho.

Na kesho yake, Jumapili, askari walifyatua. Hili husahauliwa na wanaopenda kuwapamba. Kwenye uwanja wa Znamenskaya, askari wa mafunzo wa kikosi cha Volynsky waliua makumi ya watu. Jioni mji ulikuwa kimya, na serikali ikaamini imeshinda, kama 1905, kama Lena, kama Jizzakh.

Kilichotokea usiku ule kambini hakikuandaliwa na chama chochote. Sajini mmoja, Timofey Kirpichnikov, na wenzake wachache walikaa wakayazungumza waliyoyafanya mchana, wakakubaliana kwamba kesho hawatoki kufyatua tena. Asubuhi ya Februari 27, Kapteni Lashkevich alipokuja kuwasomea agizo la Tsar, walimkatalia. Akageuka kuondoka, akapigwa risasi uani.

Kuanzia dakika ile mambo yalikwenda kasi, na sababu yake si ya kishujaa. Kumuua ofisa wakati wa vita adhabu yake ilikuwa kifo. Askari wa Volynsky walijua kwamba wakibaki peke yao wamekwisha. Usalama wao pekee ulikuwa kuwafanya wengine nao wawe na hatia. Ndiyo sababu walikimbilia kambi za jirani, za Preobrazhensky na za Litovsky, wakafyatua hewani na kuwaita wenzao watoke. Asubuhi ile woga ulifanya kazi ambayo ushujaa haukuwahi kuifanya miaka yote. Kufikia usiku makumi ya maelfu walikuwa wameasi, na Khabalov alibaki na kundi dogo lisilo na chakula.

Wapo wanaosema walioangusha Tsar ni majenerali. Ni kweli kwamba Machi 2 Jenerali Alekseev aliwauliza wakuu wa mapigano, nao wakashauri Nikolai ajiuzulu, akajiuzulu ndani ya behewa lake mjini Pskov, na siku ya pili mdogo wake Mikhail akakikataa kiti. Usiku ule Nikolai aliandika kwenye shajara yake kwamba pande zote ni usaliti, woga na udanganyifu. Lakini majenerali walikuwa wakihesabu. Jenerali Ivanov aliyetumwa kuurudisha mji mkuu kwa nguvu alifika Tsarskoe Selo akageuza treni. Walioogopwa zaidi hawakuwa waasi wa Petrograd. Walikuwa askari wa kwenye mahandaki, ambao wangeletwa kuwazima waasi na huenda wangejiunga nao.

Serikali ya Muda, iliyoundwa na wanasiasa wa bunge baada ya Tsar kuanguka, haikulielewa hilo, au ilielewa ikajifanya haioni. Askari alikuwa amekataa kufa, yeye na mkewe na aliye mbele yake, na Juni Kerensky, sasa waziri wa vita, akamtuma kwenye mashambulizi mapya. Kikosi cha Petrograd kilipovumishiwa vuli ile kwamba kitapelekwa vitani, kikaegemea kwa Wabolsheviki. Oktoba Wabolsheviki wakachukua nchi, na yaliyobaki yalikuwa ya usiku mmoja.

Januari 5, 1918, umati uliandamana Petrograd kuliunga mkono Bunge la Katiba lililochaguliwa na wananchi, bunge ambalo wafanyakazi wa Putilov waliliomba 1905. Wafanyakazi walikuwemo. Walinzi Wekundu na askari wa serikali ya Lenin waliwapiga risasi. Magazeti ya serikali yalisema waandamanaji ni mabepari. Mwandishi Maxim Gorky, rafiki wa Lenin wa siku nyingi, aliandika kwa uchungu akizilinganisha Januari hizo mbili. Neno moja, bepari, lilikuwa limeurudisha umbali wote.

Na Kirpichnikov? Serikali ya Muda ilimsifu kuwa askari wa kwanza wa mapinduzi, na Jenerali Kornilov akamvisha medali. Wabolsheviki walipochukua nchi alikimbilia kusini, kwenye mto Don, kwa jeshi la Weupe lililokuwa likijikusanya kupigana nao. Alifikishwa kwa Kanali Alexander Kutepov, ofisa ambaye Februari 27 alijaribu kuuzima uasi huohuo katika mitaa ya Petrograd. Kwa simulizi iliyotoka kwa Kutepov mwenyewe, sajini alijitambulisha kwa fahari, akatoa mfukoni gazeti lenye picha yake na habari za alichokifanya. Kutepov alilisoma, kisha akaamuru atolewe nje, apigwe risasi.